Maji Chini ya Gari la Stamen

Mume wangu Stamen ameendesha malori miaka thelathini na sita, na miaka yote hiyo hakuna mkono wa mtu mwingine ulioingia kwenye injini yake. Fundi wa gereji? Thubutu! Hata mimi nikisogelea boneti hunifukuza kama kuku aliyeingia jikoni. Sasa amestaafu, amebaki na kigari cheupe kilichozeeka pamoja nasi. Ubishi ndio haujastaafu.

Mwaka huu gari lilivuja tangu Pasaka na hatukujua. Mtasema, mtu wa malori atakosaje kujua? Kosa ni letu sote wawili. Huku kwetu mtu akianza safari humwagiwa maji njiani, ili mambo yake yateremke bila kukwama. Stamen akienda shamba la mizabibu, namwaga mtungi mzima mbele ya magurudumu. Akienda kununua mkate, namwaga. Naye kwa ubahili wake, baridi ikiisha tu hujaza rejeta maji ya kisima badala ya ile dawa ya rangi ya kupozea injini. Basi kila akirudi anakuta pale gari lilipolala pamelowa, ananigombeza.

"Nevyana, umefurika ua mzima!"

"Afadhali maji yangu kuliko ajali yako," namjibu.

Kumbe nusu yalikuwa ya rejeta.

Tulijua Jumatano moja, tukipanda kilima cha kwenda shambani, mvuke ulipofuka mbele ya kioo. Na Jumapili ile mjukuu wetu wa kwanza alikuwa anabatizwa mjini Gabrovo, ng'ambo ya mlima. Binti yetu Elitsa aliposikia akapiga simu: "Baba, usijisumbue, Plamen atakuja kuwachukua." Plamen ni mkwe wetu, kijana mpole, hana kosa. Lakini Stamen uso ulimshuka.

"Nikabebwe kama gunia la viazi, mbele ya wazazi wa Plamen? Bora nisiende."

Nilimwonea huruma, na nikaogopa pia, maana namjua: akisema haendi, haendi.

Alhamisi akaanza kazi. Mpira uliopasuka ulikuwa ule mfupi unaopeleka maji kwenye hita, nyuma kabisa ya injini. Akatoa betri, akatoa boksi la filta ya hewa, akakinga maji kwenye beseni langu la kufulia bila hata kuomba. Mkono ukaingia hadi kifundo, ukakwama. Akajaribu wa kushoto, nao ukakwama. Hadi Ijumaa mchana matusi yalikuwa bado yanatoka chini ya boneti, na ngozi ya vidole imechunika yote.

"Toka hapo," nikamwambia.

"Wee bibi, nenda kapike."

"Nimeshapika. Mikono hii imejaza wali pilipili hoho arobaini bila kupasua hata moja. Sogea!"

Akanitazama, akavitazama vidole vyake, akasogea. Miaka arobaini na minne ya ndoa, hiyo ndiyo mara ya kwanza.

Nikapitisha mkono hadi begani. Yeye akamulika tochi.

"Klipu inayobana mpira iko wapi?" nikauliza.

"Kushoto."

"Kushoto kwangu au kwako?"

"Kushoto ni kushoto, mwanamke!"

"Piga kelele tena nikuachie mwenyewe."

Akashusha sauti. Nikailegeza klipu, na ya upande wa pili pia, kwa bisibisi fupi, lakini mpira ulikuwa umegandia bomba.

"Usiuvute, utavunja bomba," akasema. "Uchane kwa urefu."

Nikauchana kwa kisu changu cha pilipili, nikaumenya. Mpira mpya, aliokuwa ameununua Stamen, tuliuchovya ncha zake kwenye maji ya moto ulainike, nikausukuma, ukaingia pande zote mbili. Jamani, nilijisikia malkia!

"Klipu umezivalisha kwenye mpira kwanza?" akauliza.

Nikajipapasa. Klipu zote mbili zilikuwa mfukoni mwa aproni yangu.

Nilidhani atanikaripia. Wapi! Alicheka mpaka akashika gari asianguke. "Hata mimi, lori langu la kwanza, hivyo hivyo," akasema, akifuta machozi. "Sijawahi kumwambia mtu."

Nikauvua, nikaanza upya. Tukarudisha betri na boksi, tukajaza maji, tukawasha injini na hita kwenye joto la mwisho mpaka hewa yote ikatoka, mwezi wa Julai, sisi wawili tunatiririka jasho.

Jumapili asubuhi nikatoka na mtungi wangu. "Usimwage!" akapiga yowe. Usiku kucha alikuwa ametandika magazeti chini ya gari. Tukapiga magoti wote wawili na nguo zetu za kanisani, tukachungulia. Makavu! Unaweza kusoma matokeo ya kandanda.

"Haya, sasa mwaga," akasema. Nikaumwaga mtungi wote, na safari hii hakunung'unika.

Mlima tukaupanda, mshale wa joto ukatulia katikati. Baada ya kanisa tukakaa mezani, na babake Plamen akainua glasi. "Stamen, Elitsa ametusimulia habari ya gari; wewe ni fundi wa kweli. Kijana wa gereji kwetu anasema mpira ule haubadilishwi bila kushusha injini."

Nikainamia sahani yangu. Hotuba ya mume wangu ya kujisifu niliijua, ningeweza kumsaidia kuitoa.

Stamen akafuta masharubu. "Kabadilisha Nevyana," akasema, na meza nzima ikasikia. "Mimi nilishika tochi."