Kuku Aliyechinjwa na Mkwe Wangu

Usiku ule wa mwaka 1996 sikulala. Binti yangu Yumna alikuwa hospitali na uchungu wa kuzaa, mimba yake ya kwanza, nami nilikaa ukumbini nikisikiliza kila kiatu kilichopita uchochoroni Kibokoni. Simu hatukuwa nayo. Baada ya adhana ya alfajiri mkwe wangu akabisha.

"Mama, amejifungua. Msichana. Wote wazima, watatoka mchana."

Kabla sijamaliza kumshukuru Mungu, kaka yangu Muhdhar akajibu kutoka juu ya ngazi, "Basi arobaini akakae Bondeni, kwenye chumba cha mumewe."

Kwetu, binti akizaa mara ya kwanza hurudi kwa mamake kulelewa siku arobaini. Muhdhar alijua. Lakini tangu Yumna aolewe na kijana wa Kaloleni, fundi wa kuchomelea vyuma bandarini, hakutaka kuwaona mlangoni. Kijana amesilimu, jina lake Khubaib. Kaka humwita Mung'aro, jina lake la kabla ya kusilimu, kwa makusudi, na husema Uislamu wake ni wa kuolea tu.

"Nyumba ni ya baba yetu sote," nikamwambia. "Yumna anakuja hapa."

"Komeo nitalitia mwenyewe."

Nikachukua kikapu nikaenda sokoni Marikiti. Nikanunua kuku wa kienyeji mnene, nazi mbili, nyanya, tangawizi mbichi, dania na ndimu. Ikabaki kuchinja. Nyumbani kwetu wanaochinja ni wanaume, na tangu nifiwe na mume wangu mwanamume ni Muhdhar peke yake. Nikampelekea kisu.

"Mimi simchinjii kuku mke wa Mung'aro."

Basi nikamwita uani Khubaib, aliyekuwa akingoja barazani. Akamwelekeza kuku kibla, akasema bismillahi kwa sauti, akachinja. Muhdhar alikuwa dirishani.

"Mwanaesha! Nyamafu hiyo utamlisha nani?"

"Wewe hukualikwa, kaka. Mbona unauliza?"

Khubaib akarudi hospitali kuwachukua, nami nikafungua madirisha yote ya jikoni. Vitunguu nikavikaanga mpaka vikawa vyekundu, nikatia thomu na tangawizi nilivyotwanga, kisha nyanya, bizari nzima, mdalasini na pilipili manga nyingi, kwa sababu mzazi ataka kitu cha kumtia joto. Pilipili mbichi sikutia hata moja. Kuku alipolainika nikamimina tui zito na kusimama hapo hapo nikikoroga polepole, maana tui ukilipa mgongo hukatika. Mwisho ndimu na dania. Harufu ikatoka hadi barazani. Jirani yangu Mahfudha akaita kutoka ng'ambo ya uchochoro:

"Bi Mwanaesha, kuna nini leo? Wataka tuhamie kwako?"

"Mzazi anakuja! Kuku kachinja mkwe wangu!" Nilisema kwa sauti ya kusikiwa na mtaa mzima.

Adhuhuri wakafika. Nikamsikia Yumna akiita "Mama" kwa sauti ndogo, iliyochoka. Muhdhar alikuwa amesimama nyuma ya mlango wa njiani, komeo limepita.

"Unanitia aibu mbele za watu," akaninong'oneza.

"Mtoto wa siku moja yuko juani kwa ajili yako, na aibu nimeitia mimi?"

Akatazama chini. "Mwambie mumewe aende zake, nimfungulie yeye na mtoto."

Nikamwona analegea, nami sikutaka nusu.

"Wataingia wote watatu. Na alichochinja yeye ndicho nitakachompakulia kila atakayekuja kumwona mtoto. Asiyetaka kula akae juu."

Nikashika komeo. Akaweka mkono wake juu ya wangu, mzito. Nje mtoto akalia. Muhdhar hakuondoa mkono, nami sikuondoa wangu. Nikalivuta komeo pamoja na mkono wake, na mlango ukafunguka.