Mwanamke aliyekuwa ndani ya roboti

Mwanza. Saa tatu asubuhi, mlango wa kibanda cha ushonaji cha Adoyo Otuoma, hapa Mkolani, uko wazi. Mezani limelazwa vazi zito la rangi ya fedha, lenye mabomba ya plastiki mgongoni. Adoyo (36) anafumua mshono wa kiunoni kwa wembe, taratibu, asije akachana kitambaa.

"Wamesema nipunguze inchi tatu," anasema bila kuinua macho. "Huyo binti ni mwembamba kuliko mimi."

Kwa misimu mitatu, vipindi 52, vazi hili alilivaa yeye. Ndiye aliyekuwa Sita, roboti anayelinda chombo cha anga katika tamthilia ya Walinzi wa Mwaka 2300. Mtaani watu wanaiga mwendo wa Sita, na wateja wake humsimulia habari za Sita kana kwamba hamjui. Uso wake ulifunikwa kwa barakoa, na sauti iliwekwa studio na mtu mwingine.

Mzaliwa huyo wa Rorya, mkoani Mara, hakuwahi kuota kuigiza. Alikodiwa kushona mavazi tu. Siku ya kwanza ya kurekodi, kwenye miamba ya ufukweni, mwigizaji aliyeletwa kutoka Dar es Salaam alizimia kwa joto. Mwongozaji, Nkwabi, akamgeukia fundi.

"Akaniambia, 'Wewe ndiye umelishona, unajua pa kupumulia. Vaa, usimame pale.' Nikasimama. Kesho yake akaniambia nitembee."

Mwendo ule alijifunza kwa korongo wanaookota mabaki ya samaki mwaloni, pale mitumbwi inaposhusha samaki. Alikaa akiwatazama wanavyogeuza shingo kwanza, mwili ukafuata baadaye.

Alilipwa Sh30,000 kwa siku ya kurekodi, na hakulalamika. Kilichomuumiza ni gundi ya barakoa. Kila jioni ilibanduka na ngozi. Leo mashavu yake yana mabaka meusi ambayo daktari amemwambia hayatafutika yote.

Alivumilia kwa sababu ya ahadi moja. Katika kipindi cha mwisho cha msimu wa tatu, Sita angevua barakoa, watazamaji wagundue kuwa ndani mna mwanamke.

Asubuhi ya kurekodi kipindi hicho alifika amesuka nywele upya. Akakuta gari limemleta Jasmin, msichana mwenye wafuasi wengi mitandaoni.

"Nkwabi akanivuta pembeni. Akasema, 'Dada Adoyo, kamera haitayaficha hayo mabaka. Unielewe tu.' Nikamuuliza, 'Kwani nimeyapata wapi?' Halafu akaniomba nimfundishe Jasmin kutembea."

Akamfundisha, na barakoa ilipovuliwa ulionekana uso wa Jasmin. Msimu wa nne utakapoanza, Jasmin ndiye atakayekuwa Sita.

Nkwabi, alipopigiwa simu, hakukana. "Sijafanya kazi na mtu mwenye kipaji kama chake," alisema. "Ila wenye fedha wanataka uso unaojulikana. Mimi ningefanyaje?"

Kwa nini basi amekubali kulipunguza vazi? Adoyo anaendelea kufumua.

"Nikikataa, watampa fundi mwingine aliharibu. Humu ndani nimelia, nimecheka, na hakuna aliyeniona. Angalau lisiharibike."

Simu yake inaita. Ni mama yake, Sabina, kutoka Rorya. Kipindi kile cha kuvua barakoa kitarushwa Jumapili hii.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wanakwaya wote nimewaambia. Justa wa kwaya analeta viti. Miaka yote hii nawaambia yule ni mwanangu, hawaamini. Sasa watakuona."

Adoyo anaweka mkono juu ya cherehani.

"Sawa, mama."

"Mbona sauti iko chini?"

"Ni vumbi tu la vitambaa."

Anakata simu, anabaki ameishika. Hajamwambia. Amejaribu mara tatu, anasema, na kila mara mama alianza kwa kuhesabu wageni.

Kuigiza anasema amemaliza. Ameshafuta kwenye simu namba za kampuni inayotengeneza tamthilia ile, na picha za mazoezi amefuta. Jumamosi atapanda basi la asubuhi kwenda Rorya, afike kabla viti havijapangwa.

"Nitamweleza ana kwa ana, uso wangu huu huu," anasema. "Akitaka kuwarudisha watu, nitapita mimi nyumba kwa nyumba kuwaambia mama yangu hakudanganya. Wasipoamini, angalau hatakuwa peke yake, nitakuwa nimekaa naye."