Mama Shaba na Gauni Jeupe

Ni asubuhi. Pikapu isiyofahamika inarudi kinyumenyume hadi kwenye lango la uani. Dereva anashuka, injini ikinguruma.

“Mama, nichomee hizi. Jioni nataka shaba yangu.”

Nyuma kumejaa nyaya za umeme za jengo lililobomolewa. Mama Shaba, kama mtaa mzima unavyomwita, hajawahi kuletewa mzigo mkubwa hivyo. Ujira wa mzigo huo ungemnunulia mota ya kuvuta nyaya anayoiota.

“Hapa hatuchomi, baba. Tunachuna. Niachie hadi kesho kutwa.”

“Kesho kutwa? Na kiberiti kipo? Nani atajua?”

“Mimi nitajua!” sauti inajibu kutoka ng’ambo ya ukuta.

Mama Shaba anacheka. “Huyo wifi yangu. Ana moto kuliko pasi ya mkaa.”

Wifi huyo ni fundi cherehani, na ana pumu. Zamani Mama Shaba alichoma nyaya kama wenzake. Plastiki ya nyaya ikiungua hutoa moshi mweusi na gesi yenye asidi, inayowasha macho na kubana koo. Mwaka juzi gesi hiyo ilivuka ukuta, na wifi akakimbizwa hospitali, kifua kikilia kama filimbi.

“Nilimwahidi palepale kitandani, waya hautawaka tena kwangu,” anamwambia dereva. “Akaniuliza, hata ukiletewa gari zima? Nikamwambia, hata gari zima.”

Sasa anatumia ubao wenye mfereji na wembe juu yake. Anavuta waya, ganda linapasuka, shaba inatoka iking’aa. Iliyochomwa huwa nyeusi, na wanunuzi huishusha bei. Yake wanaigombea. Wachomaji wawili wa jirani wamekuja kujifunza, na mmoja ameshatengeneza ubao wake.

Kilichobaki ni ile mota, mkono upumzike. “Nikiipata, nitachuna mzigo kama huu kwa siku moja.”

Dereva hana subira. Anapanda gari. “Haya, kaa na ubao wako!”

Pikapu inaondoka na mzigo wote. Mama Shaba anaitazama hadi inapokata kona, kisha anashika waya kutoka rundo lake dogo.

“Imeondoka na mota yako, wifi,” sauti inasema, safari hii kwa upole.

“Iende. Gauni la mteja wako limekauka?”

Dirisha la wifi juu ya ukuta, lililokuwa likizibwa kwa matambara enzi za moshi, liko wazi. Linaning’inia hapo gauni la bibi harusi, jeupe pe.