Kompyuta Aliyoicheka Marehemu Thoa

Ukitaka kumjua Bien, usimtazame usoni, mtazame viganja. Ni vyekundu. Anatengeneza vijiti vya udi hapa hapa mtaani kwetu Thuy Xuan, nyumba ya tatu kutoka kwangu, na ile rangi ya kuchovyea imemwingia kiasi kwamba mbu akimuuma kiganjani huruka na miguu myekundu. Nimewaona mimi mwenyewe. Unga wa mdalasini nao umehamia nywele zake. Mvua za mji wetu wa Hue zikianza, zile zinazonyesha mpaka samaki wanapanda ngazi kuomba kiti, Bien akipita na kichwa kilicholowa watu hutoka na vikombe wakidhani kuna mtu anapitisha chai.

Mkewe alikuwa Thoa, na Thoa alikuwa mtu wa kucheka. Alicheka sokoni, alicheka msibani, na siku ya harusi yake alicheka mpaka mpiga picha akakunja vifaa vyake akaenda kula kwanza. Kila asubuhi alikaa nyuma ya pikipiki ya Bien na mafungu ya udi mapajani, kifua kimeegemea mgongo wa mumewe, na sisi tulijua wanapita kabla hatujasikia injini. Alifariki wakati Khue, mtoto wao wa pekee, hajajua hata kujifungia vifungo. Tangu hapo nyumba ile ina watu wawili na picha moja juu ya meza ya kuwafukizia marehemu udi. Nilimpelekea Bien wachumba kwa mkono wangu. Aliwapa udi, akawashukuru, akawasindikiza mpaka barabarani.

Basi Khue akakua, akachaguliwa chuo kikuu kule Da Nang, ng'ambo ya mlima, kusomea uchoraji wa majengo. Mtaa mzima tulifurahi. Halafu likaja suala la kompyuta.

Tulikwenda dukani watatu, maana mimi napenda kuona vitu vinavyouzwa hata kama sinunui. Msichana wa duka akamwuliza Khue anakwenda kusoma nini, na alipoambiwa akasema kazi ya kuchora majengo ni nzito, inataka kompyuta yenye memori kubwa na kadi nzuri ya picha. Kwa fedha waliyokuja nayo kulikuwa na njia mbili. Moja ilikuwa laptopu nyembamba kama mkate wa mchele, safi kabisa kwa kusoma na kuandika. Nyingine ilikuwa kompyuta ya mezani, sanduku jeusi lenye uzito wa nguruwe aliyeshiba, nguvu zake mara kadhaa za ile nyembamba, lakini ikishawekwa mahali imewekwa. Laptopu yenye nguvu kama za sanduku ilikuwepo pia, ila kwa bei ile ningetegemea wanipe na nyumba ya kuiwekea.

Bien hakutazama vioo. Aliinyanyua ile nyembamba, akaipima mkononi, akaitia kwapani, akatembea nayo mpaka mlangoni akarudi.

"Mjomba, hiyo si bata," msichana akamwambia. "Unaangalia nini?"

"Naangalia kama inabebeka kwenye basi la Jumamosi."

Hapo nikamwelewa. Kile chembamba kingekuja nyumbani na mwenyewe kila mwisho wa wiki. Khue angekaa mkekani akibonyeza, baba yake akichovya udi, na jioni wangekula pamoja wali wa kombe, wale chaza wadogo wa mtoni. Lile sanduku lingekaa Da Nang, na penye kazi yake ndipo mtoto naye angekaa.

Msichana wa duka akafungua mchoro wa nyumba kwenye zote mbili ili tuone. Kwenye sanduku nyumba ilizunguka kama mcheza ngoma, ukaona mpaka ngazi za ndani, na Khue akasogea mpaka pumzi yake ikaweka ukungu kwenye kioo. Kwenye ile nyembamba ukatokea ukuta mmoja, feni ikaanza kulia kama mgonjwa, na kabla paa halijaja mimi ningekuwa nimeshajenga langu na kulipangisha.

"Tutamwuliza mama yako," Bien akasema, akatutoa dukani.

Thoa huulizwa kwa sarafu mbili kuukuu za shaba, upande mmoja zimepakwa chokaa. Ukizirusha sahanini ukapata moja nyeupe na moja tupu, amekubali. Tupu zote mbili, amekataa. Nyeupe zote mbili, anacheka. Swali lako halina kichwa, uliza tena.

Bien akawasha udi, akauliza kama wanunue ile nyepesi. Nyeupe mbili. Akaongeza machungwa mezani, akauliza. Nyeupe mbili. Kesho yake akapika wali wa kombe wenye pilipili, chakula alichokipenda marehemu, akauliza kwa adabu zaidi. Akachekwa. Siku moja sarafu ilitoka sahanini ikabingiria mpaka uani, ikapita katikati ya miguu ya kuku, ikauzunguka mtungi wa maji na sisi nyuma yake, ikalala weupe juu. Kuku yule mpaka leo anataga mawili mawili kwa mshtuko.

Khue alivumilia, mwisho akamwambia, "Baba, hivi unanichagulia kompyuta au unanichagulia basi?"

"Mama yako hajajibu, mwanangu."

"Mama alikuwa hajui hata kuwasha redio."

"Ndiyo maana anacheka."

Tukacheka wote, na jambo likabaki pale pale. Lakini mimi nilikuwa nakwenda kumsaidia kufunga mafungu, nikamwona vizuri. Zile nyeupe mbili zikitokea hakukasirika. Alizitazama, mdomo ukamlegea kama mtu aliyeitwa jina lake la utotoni, kisha akaziokota taratibu na kuuliza tena swali lile lile. Huyu hakuwa tena na habari za kompyuta. Alikuwa amepata njia ya kumchekesha mkewe, na hakuna aliyekuwa na moyo wa kumwambia aache.

Chuo kikakaribia kufunguliwa. Wenzake Khue walikuwa wameshafunga mizigo. Alasiri moja tulikuwa uani watatu, jua kali, tumetandaza mafungu ya udi yamefunuka kama maua, Khue akasema bila kuinua uso, "Nunua ile nyepesi, Baba. Nimefikiria. Nitaomba wanihamishie uhasibu. Mahesabu inayafungua vizuri tu, na Jumamosi nitakuwa nakuja."

Mtoto huyo huyo, tangu anatambaa alikuwa anaokota vijiti vilivyovunjika na kuchora nyumba mchangani. Alianza na paa, halafu akakuambia ungoje nje mpaka amalize mlango.

Bien akaendelea kufunua fungu mkononi. "Unayapenda mahesabu?"

"Nitayazoea."

"Mama yako naye alisema hivyo hivyo kuhusu mimi."

Siku nyingine hapo angecheka mtu. Hakucheka mtu.

Bien akaliweka fungu chini, akaenda kunawa, akaingia ndani. Nikajisogeza mlangoni, sikatai. Alichukua zile sarafu akazishika juu ya sahani, macho kwenye picha ya Thoa, udi ukaungua mpaka majivu yakapinda na kuanguka. Kisha akazitia mfuko wa shati, akatoka na ufunguo wa pikipiki.

"Hukuuliza," nikamwambia.

"Hili hata mimi nalijua, Shangazi."

Akanunua lile sanduku.

Khue akatangulia kwa basi, kioo cha kompyuta amekikumbatia kama mtoto mchanga. Sanduku Bien hakuwaamini nalo wapakiaji wa basi. Alilivika blanketi na nailoni, akalifunga kwenye kiti cha nyuma kwa mikanda ya mpira, akapanda mlima, kwa sababu pikipiki hairuhusiwi kupita kwenye handaki lililotobolewa chini ya mlima. Yaliyotokea huko alinisimulia mwenyewe, mimi nimetia chumvi kidogo tu. Alikwenda polepole, konokono akampita na kumpungia. Kwenye kona ya kwanza mikanda ikalegea, sanduku likateleza mbele, likamwegemea mgongoni.

Akasimama kando. Akashuka, akaushika mkanda ili aukaze. Alisimama nao mkononi, malori yakipita chini huko, ukungu ukipita juu. Kisha akauacha ulivyo, akapanda tena. Kila kona likamwegemea, na kila kona akaipinda taratibu, njia nzima, asigeuke nyuma hata mara moja. Chumvi yangu hapo haimo.

Alipofika Da Nang, Khue alishuka mbio kutoka chumba alichopanga. Baba yake alikuwa amezima injini lakini yuko juu ya pikipiki bado.

"Baba, shuka basi tulifungue."

"Ngoja kidogo."

Khue akangoja. Baadaye akalifungua mwenyewe akiwa nyuma ya baba yake, kwa mikono yake midogo, na Bien anasema alipolinyanyua, ule upepo uliompiga mgongoni ulikuwa baridi kuliko wa mlimani.

Khue anachora sasa. Amempigia baba yake simu ya picha akamwonyesha nyumba inayozunguka, na Bien akamwuliza choo kiko wapi. Jumamosi haji. Anakuja sikukuu, anakuja siku ya kumbukumbu ya mama yake, anakula wali wa kombe mpaka anatoka jasho, anarudi kwenye sanduku lake. Jumamosi nyingine namwona Bien amesimama barabarani na viganja vyake vyekundu, basi linapita bila kupunguza mwendo, naye anarudi ndani.

Jioni ile Bien aliporudi kutoka kupeleka sanduku Da Nang nilikwenda kumpelekea tambi za nyama, nikamkuta mbele ya meza, nguo bado zina vumbi la mlima. Alizitoa zile sarafu mfukoni, zimepata joto la kifua.

"Mama Khue," akasema, "ulikaa vizuri huko nyuma?"

Akarusha. Nyeupe mbili.

Nikangoja aziokote aulize tena, kama kawaida yake. Hakuziokota. Alikaa chini, akala tambi zake zote, sarafu zikiwa sahanini vile vile.