Maziwa ya Watoto Wawili

Kazini walimwita Fundi Gundi, kwa sababu hakuna mfupa uliovunjika ambao alishindwa kuuunga. Miaka tisa alikaa kwenye chumba cha nyuma cha makumbusho, chini ya taa ya kuinamisha, akipangusa kwa brashi laini udongo wa mifupa ya watu waliokufa kabla binadamu hajajua kupanda mbegu. Mikono yake haikuwahi kuangusha kitu. Binti yake wa kwanza alimzaa akiwa na umri wa miaka thelathini na minane, baada ya mimba mbili kuharibika.

Binti alikuwa na miezi minne, na yeye ameshaanza kurudi kazini, siku mume wa jirani yao mshonaji alipogonga mlango. Mshonaji aliishi ghorofa ya chini. Walikuwa wakisalimiana ngazini, wakiazimana pasi, basi. Udugu haukuwepo, na hata urafiki ulikuwa wa juujuu. Alikuwa amejifungua wiki tatu tu zilizopita.

"Shemeji," alisema yule bwana, kichanga kikilia mikononi mwake kwa sauti iliyokwisha kukauka, "mwenzangu kalazwa. Vijidudu vimeingia kwenye damu, hajitambui. Mtoto chupa anaitema, na kidogo anachomeza kinatoka maji matupu. Tangu jana."

Hakuomba kitu. Alisimama tu. Maziwa yakamchuruzika Fundi Gundi, yakalowesha blauzi, kabla akili yake haijasema ndiyo wala hapana.

Mama mkwe wake, aliyekuja kulea mjukuu, alimvutia jikoni. "Mwanangu, huruma ina mipaka. Wako ulimpata kwa taabu gani? Maziwa si bomba, eti unafungua tu yanatoka."

"Sasa mama, nimwache afe huku namsikia?"

"Sijasema afe. Nimesema usije ukalia."

Muuguzi wa kliniki alimpima Fundi Gundi damu kwanza, majibu yakatoka salama, akamwambia anywe maji mengi, ale, alale. Kulala! Alfajiri ananyonyesha huyu, kisha yule, halafu mbio kazini. Saa ya chakula anarudi anahema, blauzi imegandamana kifuani. Majirani wakamtania, "Mama Pacha!" Akacheka, lakini kicheko hakikupita midomo. Macho yake yalikuwa kwenye saa ya ukutani: huyu kanyonya dakika ngapi, yule kabakiziwa nini? Kila mara kichanga kile kilipong'ang'ania ziwa, alimtazama bintiye aliyelala kando, akajiona mwizi anayemwibia mwanawe mwenyewe.

Jumamosi iliyofuata akampeleka binti kliniki. Muuguzi akamweka kwenye mizani, akasoma, akasoma tena.

"Kapungua. Gramu mia mbili. Si nyingi, ila mlete tena wiki ijayo tumwone."

Njia nzima hakusikia hata kelele za magari. Mia mbili. Mfuko wa majani ya chai una uzito gani? Mbona mtoto ameinuka mwepesi hivi, au ni mawazo yake?

Jumatatu kazini, taya la kale likamponyoka. Bahati lilitua kwenye sponji. Mtafiti mkuu, mama wa makamo aliyevaa miwani ya kamba, akavuta kiti akakaa karibu yake. Fundi Gundi akaeleza yote, macho chini, kama mtu anayeungama.

Mtafiti akaligeuza taya. "Unaliona hili? Halina jino hata moja, na mashimo ya meno yamezibika. Mfupa haujizibi hivi kwa siku mbili. Huyu aliishi miaka bila kutafuna. Yaelekea kuna mtu aliyekuwa akimpondea chakula."

"Labda ndugu yake."

"Labda. Kumfaa ndugu hata wanyama wengi wanajua. Lakini wapo kati yetu watafiti wanaodhani kwamba kusaidiana kwa binadamu kulianzia kwa watoto. Mtoto wetu ni mzigo: anachelewa kutembea, anachelewa kujilisha, na mama anazaa mwingine kabla wa kwanza hajajiweza. Mama peke yake hamudu. Waliosalia ni wale ambao watoto wao walipokelewa na bibi, na shangazi, na jirani. Sisi ni wajukuu wa waliopokezana."

"Hao waliopokea, hawakuogopa kwamba wa kwao watakosa?"

"Sijui. Hofu haiachi alama kwenye mfupa." Akaliweka taya mezani polepole. "Ila nimesema walipokezana. Wewe umempokea mtoto wa watu. Wewe kakupokea nani?"

Swali lile lilimuudhi. Alipanda ngazi za nyumbani amekunja uso, kwa maana kutoa alikuwa amejua, kuomba ndiko kulikokuwa kukimshinda. Mlangoni akasema kwa haraka, asije akaghairi: "Mama, nimeshindwa."

Mama mkwe akajifunga kanga upya kiunoni. "Nilikuwa nangoja mdomo wako ufunguke." Akatoka, akagonga mlango mmoja baada ya mwingine. Mwalimu wa ghorofa ya tatu, aliyekuwa likizoni na bado ananyonyesha, akapimwa damu naye, akachukua zamu ya asubuhi na ya mchana. Mlinzi mstaafu, mzee mkavu asiyeitikia salamu ya mtu, alileta ndoo akabeba nepi za watoto wote wawili kwenda kuzifua. Mama mkwe mwenyewe akambeba kichanga mgongoni jioni nzima, akigomba: "Kizito hiki! Kinakula nini?"

Jumamosi, Fundi Gundi alifumba macho mbele ya mizani.

"Mia na themanini zimerudi," alisema muuguzi. "Vuta pumzi, mama."

Alijaribu. Pumzi iliingia nusu.

Wiki ya tano mshonaji akarudi, amekonda, shingo kama ya kuku. Daktari alikuwa amemwambia amweke mtoto kifuani mara kwa mara, huenda maziwa yakarudi. Akampokea mwanawe kwa mikono miwili. Mtoto akalia, akajipinda, akageuza uso kumtafuta Fundi Gundi. Mshonaji akamtazama Fundi Gundi.

"Dada, hanijui."

"Atakujua. Ngoja nitoke, asisikie sauti yangu."

Akakaa ngazini, maziwa yamemjaa yanauma, kiganja kimeziba mdomo. Kilio kikaendelea nyuma ya mlango, kikapanda, kikakatika. Akatega sikio. Hakujua kama mtoto amenyonya au amechoka, na hakuthubutu kurudi ndani kuuliza.