Siku Nilipopeleka Majani ya Deo Kanisani

Nianze na aibu yenyewe, msije mkasema nimeificha: mimi, Baba Neema, mtu mzima mwenye mvi, niliingia kanisani Irving, karibu na Dallas, na mfuko wa bangi begani, nikautua mbele ya akina mama waliokuwa wakisubiri majani ya muhogo, nikasema kwa sauti ya kujidai, "Sombe ya Houston hiyo, haijaona barafu!" Watu wakanipigia makofi. Mpaka leo nikisikia makofi, hata ya harusi, natazama mlango uko wapi.

Sikusoma. Niliishia darasa la nne kule kwetu Fizi, kwa hiyo ninaandika kama ninavyoongea, na majina nitayataja, kwa sababu walionisukuma shimoni hawakunionea haya na mimi sitawaonea haya. Wa kwanza ni Deo wa Bukavu. Wa pili ni Kimani, Mkenya wa Nakuru. Wa tatu ni mimi mwenyewe, na huyo ndiye mbaya kuliko wote maana alijua.

Ilikuwa miaka ile ya elfu mbili na kitu, simu bado za kukunja, na ukitaka kupiga kambi ya wakimbizi kule Kigoma ununue kadi, ukwangue namba, halafu nusu ya kadi iliwe na "alo, alo, unanisikia?" Kambini ndiko alikobaki binti yangu Neema, miaka ishirini, mtoto pekee vita iliyoniachia (wengine siwataji hapa, hii si habari yao). Faili lake la uhamiaji, la kuja kwangu, lilikuwa limekwama, na siku zilikuwa zinakimbia, maana akifika ishirini na moja anahesabiwa mtu mzima na kurudishwa mwisho wa foleni. Ndipo Deo akaniambia, "Mzee, mimi niko na avoka, mwanasheria mukali sana, atalisukuma hilo faili. Wewe unisaidie tu kuangalia maua yangu pale Mesquite."

Maua! Nilikuwa nimeumia mgongo ghalani, nakaa nyumbani kutazama ukuta, nikaenda. Nyumba ya kawaida, nyasi za mbele zimenyolewa vizuri, ila chumba cha kulala hakina kitanda, kina taa kali kama jua la saa saba, na feni, na ndoo zimepangwa ukuta hadi ukuta, kila ndoo na mti wake. Nilijua siku ile ile kuwa ni bangi. Babu yangu alikuwa akiivuta kwenye kiko na kukohoa mpaka mbwa anatoka nje. Nilijua, nikanyamaza, nikashika kopo la maji, nikajiambia anayemwagilia si mkulima. (Mtu akitaka kujidanganya hakosi methali, akiikosa anaitunga.)

Sasa ubishi wa majani. Kimani, mwenzake Deo, ndiye aliyejifanya mtaalamu, alikuwa anachapisha karatasi za intaneti kule maktaba na kuzibandika ukutani kama mistari ya Biblia. Siku moja akaja na karatasi mpya, anang'aa uso.

"Buda, hizi majani kubwa ni wezi. Zinaziba mwanga, maua ya chini hayaoni kitu. Tukitoa zote, mavuno inakuwa mara mbili."

"Kimani," nikamwambia, "jani ndilo linaupikia mti chakula. Kwetu mwanamke akichuma sombe bila kiasi, muhogo wake unatoka mwembamba kama kidole. Toa lililozeeka, toa la njano, mengine yaache yafanye kazi."

"Mzee, hii si muhogo. Hii ni sayansi."

Deo akacheka mpaka akashika ukuta. "Hawa wazee wa Fizi! Kila kitu kwao ni sombe!"

Nikafunga mdomo. Darasa la nne likikutana na karatasi linanyamaza, hata kama karatasi inadanganya na mikono yako inajua.

Haya, siku yenyewe. Kanisa letu lilikuwa linasali katika jengo la Wazungu, na shemasi wao, mzee mrefu mpole wa maneno machache, alikuwa amekubali jambo kubwa: Jumamosi hiyo tungekula chakula cha shukrani pamoja, na baada ya kula yeye na Mchungaji wetu Elia wangetia saini barua mbele ya watu wote, kwamba makanisa yote mawili yanasimama na Neema, yatampokea, yatamtafutia mwanasheria wa kweli. Barua ilikuwa tayari. Niliiona kwa macho yangu, jina la mwanangu limechapwa kwa herufi kubwa, nikaligusa kwa kidole. Mimi nilipewa kazi moja tu, kuleta sombe mbichi (nyinyi wa Tanzania mnaita kisamvu) kutoka Houston, kwa Mama Riziki wa mtaa wa Gulfton, aliyepanda mihogo katika uwanja wa dada yake, maana kule baridi haiui kama huku kwetu Dallas.

Ijumaa nikaendesha mwendo wa saa nne kwenda. Mama Riziki akanijazia mfuko mweusi, ile mifuko mikubwa ya taka, akaufunga kwa utepe wa kitenge chekundu. "Baba Neema, usiufungue mpaka jikoni. Sombe ikipigwa na upepo inanyauka, na mimi sitaki kusemwa na akina mama wa Dallas."

Narudi, nimeshavuka Corsicana, nakaribia Dallas, simu ikalia. Deo. "Mzee, pitia Mesquite kidogo tu. Kimani anasema leo ndiyo siku ya kutoa majani, na yeye mgongo wake umekataa." Mgongo wake! Mimi niliyetiwa vyuma mgongoni nipitie kwa sababu Kimani mgongo wake umekataa! Ningesema hapana, neno fupi hilo, hata mtoto analiweza, lakini barua ya kanisa ilikuwa bado haina saini, nikamfikiria yule avoka, nikasema naja.

Nikachuma saa tatu. Nilichuma yote kama karatasi ilivyosema, na kila nilipong'oa jani bichi mkono ulikuwa unasita wenyewe, maana mkono una akili yake. Mwisho miti ikabaki imesimama chini ya taa kama kuku walionyonyolewa, naona hata aibu kuitazama. Majani yakajaa mfuko mweusi mzima. Kimani akasema, "Tupa mbali, buda, si hapa, majirani wana pua." Nikaupeleka kwenye gari. Kufuli la buti lilikuwa limekufa zamani, na mifuko miwili ilibenua mfuniko juu, nikatafuta kamba, hakuna, basi nikaufungua ule utepe wa kitenge wa Mama Riziki, mdomo wa mfuko nikausokota tu kama ule wa Deo, utepe nikafungia buti. Utepe tu, jamani! Kidude kama hicho.

Asubuhi ya Jumamosi nikapita nyuma ya apatimenti fulani njiani kutupa mfuko wa Deo. Mifuko miwili myeusi, imefanana kama pacha, na pua yangu ilikuwa imekufa kwa kile chumba kama ulimi uliounguzwa na chai. Ningefungua nitazame, lakini mlinzi alikuwa anakuja na kigari chake, nikaogopa, nikajiambia wa Deo ni huu wa kushoto, nikaurusha kwenye pipa, nikaondoka nikipiga mluzi.

Ukumbini watu wameshajaa, kwaya inajaribu nyimbo, Shemasi anapanga viti na Mchungaji, barua iko juu ya meza ndogo yenye kitambaa cheupe na kalamu pembeni. Nikatua mfuko, nikasema yale maneno yangu ya kujidai, makofi yakapigwa, na Mama Sifa, mkuu wa jikoni, akaumwaga wote kwenye meza ndefu ili wamama wachambue vikonyo. Mimi macho yangu yalikuwa kwenye barua.

"Baba Neema," Mama Sifa akaita, "hii sombe yako mbona ina meno kama msumeno?"

"Ya Houston hiyo," nikajibu bila kugeuka. "Udongo wa kule ni tofauti."

"Na inanuka soksi za marehemu mume wangu," akasema mwingine, wakacheka wote.

Binti wa Mama Sifa, msichana wa hai skuli ambaye ukimsalimia kwa Kiswahili anakujibu kwa Kiingereza, akasogea, akatazama, akapiga kelele: "Oh my God! Mama, drop it, that's weed!"

"Wid ni nini?"

"Bangi, Mama! Bangi!" (Ndilo neno la Kiswahili pekee nililowahi kumsikia akilisema, na alilisema vizuri sana.)

Kwaya ikakatika katikati ya wimbo. Nikageuka, nikayaona majani, nikayajua moja moja kama mtu anavyojua maandishi ya mkono wake. Na mimi kwa akili zangu zote nikasema, "Ni... ni chakula cha mbuzi."

"Mbuzi gani?" Mama Sifa akauliza. "Si unakaa ghorofa ya tatu?"

Ningekaa chini hapo nikalia, labda Mchungaji angenifunika. Badala yake nikayakumbatia yale majani kwa mikono miwili, nikakimbilia chooni, nikajifungia, nikaanza kuyamwaga na kuvuta maji. Mara ya kwanza yakaenda. Mara ya pili choo kikaguna. Mara ya tatu maji yakapanda, yakapanda, yakavuka ukingo, nikavua koti kuyazuia, yakapita chini ya mlango yakibeba majani, jani moja, la pili, mkia mrefu kama maandamano, mpaka kwenye zulia la ukumbi.

"Fungua, baba," Mchungaji Elia alikuwa anasema mlangoni, pole pole. "Fungua tu."

Nikafungua. Nimelowa mpaka magotini, jani limeniganda shavuni. Shemasi alikuwa amesimama pale, majani yamezunguka viatu vyake. Hakufoka. Alinitazama, akaenda kwenye ile meza ndogo, akaichukua barua, akaikunja mara mbili, akaitia mfukoni mwa koti lake. Kisha akatoka nje kupiga simu. Hapo nilitamani angenipiga mimi.

Polisi walikuja, ya huko sisimulii. Nilimtaja Deo, simu yake ikawa imezimwa, na nyumba ya Mesquite Jumatatu ilikuwa tupu. Avoka hakuwahi kuwako. Kimani nilikutana naye baada ya miaka, anauza nyumba, anakaa benchi la mbele katika kanisa moja la Fort Worth, akanong'ona kwamba ile miti waliyoihamisha usiku, baada ya kunyonyolewa, ilidumaa kama watu wa matanga, ikatoa maua kama punje za pilipili manga, wakaiacha. "Ulikuwa right, buda," akasema. Nilikuwa sahihi! Nimpelekee nani huo usahihi?

Kesi ikaandikwa jina langu. Wakili wa mahakama akaniambia, "Sasa usiguse faili lolote la uhamiaji. Ukiligusa, watakutazama wewe kwanza." Nikaacha kuligusa. Neema akatimiza ishirini na moja kambini, nikampigia kwa kadi.

"Baba, wanasema walikukamata. Na nini?"

"Majani."

"Majani tu?"

"Majani tu, mama."

Nasikia kadi inaliwa. Halafu akasema, kama mtu anayemtuliza mgonjwa, "Mimi huku nimepanda muhogo nyuma ya nyumba. Nachuma kidogo kidogo tu, Baba, kama ulivyonifundisha." Kadi ikaisha.

Tangu siku ile sibebi mfuko ambao sijaufungua, hata uwe ni wa Mchungaji mwenyewe. Kwenye baraza langu kuna mnyanya ndani ya ndoo, umesongamana majani mpaka jirani ananiambia niupunguze. Siugusi. Jani likitaka kuanguka lianguke lenyewe. Na mwenye karatasi akija kunieleza habari za majani, nimeapa nitamjibu kwa sauti, hata akinicheka, maana mdomo uliomfundisha Neema ni huu huu ulionyamaza Mesquite.