Aliyeswaliwa Akiwa Wodini

Siku niliporipoti, muuguzi mgeni, katika zahanati ya Maparoni kwenye visiwa vya delta, maji yalikuwa yamekupwa. Nilishuka botini nikatembea kwenye tope, viatu mkononi. Mganga mfawidhi, yaani mkuu wa zahanati, alinitazama akacheka. "Wewe wa Songea, jifunze mapema. Huku mgonjwa hamsubiri daktari, anasubiri maji yajae."

Baadaye nilihamishiwa Kibiti, nikasomeshwa kuhudumia stoma. Stoma ni mdomo wa utumbo unaotolewa nje kwenye ngozi ya tumbo, choo kikapita hapo na kuingia katika mfuko. Kazi hiyo ndiyo iliyonikutanisha na Mzee Ngwele, mkata mikoko wa Kiongoroni. Alikuja tumbo limevimba, choo hapati. Kwa miezi alikuwa akiona damu, akanyamaza kwa haya.

Nilimsindikiza kwa rufaa Dar es Salaam. Daktari bingwa wa upasuaji hakumficha. "Mzee, hii ni saratani ya utumbo mpana. Ingekuwa ndogo tungekata, tukaunganisha, ukaenda zako. Lakini utumbo umeziba, kwa hiyo tutaondoa kipande kibovu na kukutolea stoma. Tukikuta imefika kwenye tezi zilizo jirani na utumbo, utahitaji dawa za mishipani kwa miezi kadhaa."

"Na mionzi?" Mzee aliuliza.

"Hiyo huwafaa zaidi wenye uvimbe wa chini, karibu na njia ya haja kubwa."

Upasuaji ulikwenda vizuri, ila tezi zilikuwa zimeguswa. Mzee akaruhusiwa kwenda nyumbani apate nguvu kabla ya kuanza dawa, nami nikatumwa kumrudisha. Hatukujua kwamba mwenye boti mmoja alisikia mjini kuwa mtu wa delta amefia wodini, akaipeleka habari hiyo Kiongoroni. Simu huko hushika kwa kubahatisha.

Tulifika adhuhuri. Wanawake waliokuwa wakianika uduvi waliacha, wakawavuta watoto ndani. Milango ikafungwa, mmoja baada ya mwingine. Mzee akatoa salamu, hakuna aliyeitika. Uani kwake tulimkuta mdogo wake, Shomari, amevaa shati la Mzee. Alirudi nyuma hadi mgongo ukagusa ukuta.

"Tumeshakuswalia, kaka," alisema. "Swala ya ghaibu, maiti hayupo. Hitima imesomwa."

Ndani kulinuka udi. Bi Zaituni, mkewe, alikuwa nyuma ya pazia, amekaa eda ya ujane.

"Kama wewe ni Ngwele," alisema bila kujitokeza, "nani aliyekuja kuniaga? Alisimama hapo hapo ulipo, tumbo limefungwa bendeji, akanitaka radhi."

Hakuna aliyekuwa amemwambia habari ya bendeji.

"Ni mimi," Mzee alisema taratibu. "Waliponipa dawa ya usingizi, nilikuja."

Hapo hapo tumbo lake likanguruma chini ya kanzu, sauti ndefu, kama mtu anayetaka kusema. Ni stoma tu, nayo haina breki, lakini Shomari alikimbia.

Nikamlaza Mzee mkekani, nikafungua mfuko. "Mama, njoo uone mwenyewe." Pazia likasogea. Bi Zaituni alipiga magoti, akautazama ule mdomo mwekundu, wenye maji maji, ukijikunja polepole. Akaweka kiganja kando yake.

"Kuna joto," alisema, akaanza kulia. Kisha akaniambia, "Sista, nifundishe."

Siku ya kurudi kwa dawa, Shomari alikataa kumbeba botini mwake. Wazee wakamkumbusha Bi Zaituni kwamba mwenye eda hatoki. "Eda ya nani?" akawajibu. "Mume wangu huyu hapa." Akaazima mtumbwi wa shoga yake, akashika kasia yeye mwenyewe hadi kwenye boti ya kuvukia ng'ambo. Mzee alimaliza dawa zote, na vipimo vilivyofuata havikuonyesha uvimbe.

Sasa nimestaafu, niko Kibiti na mikorosho yangu. Wauguzi vijana wakija huniuliza juu ya kisu, dawa na mionzi, nami huwaeleza. Halafu huwaambia kwamba mgonjwa akitoka wodini, wamtangulizie habari kwao. Mzee Ngwele yu hai, anavua kaa. Bi Zaituni huniambia kwamba msikitini, mpaka leo, watu wakipanga safu, nafasi ya ubavuni kwa mumewe hubaki wazi.